Safari ya Kawangware Kumtafuta Mwanamke wa Sindano

Nilikwenda Kawangware kwa sababu nilikuwa nimechoka kuogopa kitu kidogo kuliko kidole changu. Kitu chenyewe ni sindano. Daktari wa hospitali ya mjini alikuwa ameniambia, dresa, yule mfunga vidonda, akitafsiri, kwamba nina ugonjwa wa sukari, kwamba kidonda cha kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto hakitapona bila sindano ya kila asubuhi, na kwamba nisipojidunga mguu utakatwa. Nikapewa chupa ndogo ya dawa, bomba la kioo na sindano mbili, nikafundishwa kuzichemsha kwenye sufuria, nikarudishwa kwangu mtaa wa Lindi, hapa Kibra.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilikuwa na dada, Fatna, aliyepewa chupa kama ile mwaka mmoja kabla yangu. Alijidunga asubuhi, katika siku za mwanzo za Ramadhani, na kabla ya adhuhuri akaanza kutetemeka na kutoka jasho, akasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akalala mkekani na hakuamka tena. Sote tuliona kwa macho yetu: kwanza sindano, halafu mauti. Shemeji yangu alilivunja lile bomba kwa jiwe. Tangu hapo Lindi na Makina yote ikajua kwamba sindano ya sukari ni mlango wa kaburi.

Kule hospitali, kwenye benchi la kungojea, sisi wagonjwa wa sukari tulikuwa tunapeana dawa kwa midomo. Mama mmoja wa Pumwani aliapa kwa uwatu ulioloweshwa usiku kucha. Mpishi mmoja wa Wazungu alisifu maji ya karela, lile tunda chungu, aliyofundishwa na Mhindi, na uso wake ukikunjamana kwa kuyakumbuka tu. Tulibishana juu ya mizizi na majani, lakini juu ya sindano tulikuwa kitu kimoja: ukifika huko, umekwisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mtu aliyeishi nayo.

Nilijidunga siku nane, na kila siku nilitoa shahada kwanza. Siku ya tisa dresa alinikuta nalia kwenye benchi. Akaniambia kuna mwanamke wa Kawangware, Mkikuyu, mtu wa kanisa, anaitwa Mama Kamau, anayejidunga tangu kabla ya vita, na wiki iliyopita tu alikuwa hapo hospitali akigombana na karani. Nikasema moyoni, huyo nitamwona mwenyewe. Nikimkuta hai nitaendelea. Nikimkuta amekwenda, chupa naitupa mtoni na mguu ukatwe ukitaka.

Kesho yake asubuhi, saa moja, nilichemsha bomba, nikajidunga paja, nikafunga kidonda kwa kitambaa safi. Nilikunywa chai bila sukari. Gurusa, ile mikate yetu myembamba, ilikuwa imefunikwa kwa tabaga, kawa letu la kusuka, mbele yangu, nami sikuigusa. Mama yangu alitulea akituambia kwamba kwenda kwa watu umeshiba ni kukitukana chungu chao, na Mnubi aliyelelewa vizuri hufika ugenini na tumbo lililo tayari kupokea. Sikutaka Wakikuyu waseme watu wa Kibra hawana adabu.

Marjan, mume wangu, askari mstaafu asiyejua kubembeleza, alinipa ndala zake za ngozi za jeshini ili kidole kipate nafasi. Akazifunga kamba mwenyewe, ameinama, kisha akasema, "Ukimkuta amekufa, rudi upesi."

"Nikimkuta amekufa sitakuwa na haraka tena," nikamwambia. Hakucheka.

Makina kila mtu aliniuliza niendako, maana mwanamke aliyevaa gurbaba, vazi letu la kujifunga, tena ile ya kutokea, na ndala za mumewe ni habari ya siku nzima. Niliwaambia naenda kumtazama mwenzangu anayeumwa. Haikuwa uongo. Toi nilipumzika kwa rafiki yangu muuza maziwa, akanisukumia kikombe, nikakataa kwa adabu ileile iliyonifanya niiache gurusa. Sasa nikikumbuka kile kikombe natikisa kichwa.

Barabara ya Ngong asubuhi ile ilikuwa na vumbi la malori na askari wa kambini waliokuwa wakitembea kwa mistari. Nilikwenda pembeni, polepole, nikiweka kisigino kwanza. Mwanamume mmoja mwenye mkokoteni wa punda, aliyebeba majani ya ng'ombe, alinitazama mguu akasimamisha punda wake bila kuulizwa. Nikapanda juu ya majani. Hadi njia panda ya Dagoreti alinieleza maradhi ya punda wake, moja baada ya jingine, nami nikajisikia kama bado niko kwenye benchi la hospitali.

Aliponishusha jua lilikuwa limekwisha panda, nikashika njia ya Riruta kwa miguu. Ile ni nchi ya udongo mwekundu na mashamba yanayoteremka mabondeni, na miti ya miwati ilikuwa imetoa maua ya manjano yenye harufu ya asali. Nilikuwa nikiifurahia harufu hiyo magoti yalipoanza kulegea. Nikadhani ni kilima. Nikasimama, na mikono ikaanza kutetemeka yenyewe. Jasho likanitoka shingoni, jasho baridi, na miti ikawa miwili miwili.

Nililijua jasho lile. Nilikuwa nimelifuta kwa kanga yangu kwenye uso wa dada yangu. Nikakaa kando ya njia na nikaogopa kama sijawahi kuogopa maishani. Niliona wazi kwamba sindano imenifikia, tena imenifikia mbali na kwangu, na kwamba nitazikwa na watu wa kanisa wasiojua hata kunielekeza kibla. Nilimkasirikia dresa, na daktari, na huyo Mama Kamau ambaye sikuwa nimemwona. Wanawake wawili waliobeba kuni walinikuta hapo. Nilipolitaja jina hilo, mmoja alitua mzigo wake, akanishika kwapa, na tukaenda.

Saa nne na kitu tulifika Kawangware, kwenye boma lenye ua wa miti na shamba la kabichi nyuma ya nyumba. Mwanamke mnene wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, alikuwa ameinama akipalilia. Akainuka na jembe mkononi. Nilitaka kumwamkia, ulimi ukakataa. Mwenye kuni akamweleza kwa Kikikuyu. Mama Kamau akanitazama machoni, akanishika mkono uliolowa jasho, akalitupa jembe chini kama mtu aliyeona moto.

"Wewe umedunga sindano leo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na umekula nini?"

Nikatikisa kichwa.

Aliingia ndani akatoka na kopo, akanitia sukari mdomoni kwa kiganja chake, sukari nyekundu ya chengachenga, kiganja kizima. Nilifunga meno. Nilijua jambo moja tu kuhusu maradhi yangu, nalo ni kwamba sukari ndiyo adui. Nikamwambia, kwa sauti iliyokuwa ikikatika, kwamba nimekatazwa.

"Ndiyo, umekatazwa," akasema. "Lakini leo sukari ndiyo dawa. Meza, mama. Ukitaka kugombana na mimi, tutagombana ukishameza."

Nikameza. Akanipa tena, pamoja na maji, halafu ndizi mbivu, akinitazama nikitafuna kama anayemlisha mtoto mkaidi. Nilifumba macho nikangojea kifo. Kilichokuja badala yake ni kuku: nilianza kusikia kuku wakiparua, wakawa kuku wa kweli, walio karibu. Mikono ikatulia. Miti ikarudi kuwa mmoja mmoja. Sikuwa nimemaliza ndizi ya pili na nilikuwa mzima, nimekaa kwenye kigoda cha watu, gurbaba imejaa udongo na midomo imejaa sukari. Mama Kamau akacheka mpaka akashika kiuno.

"Sasa habari ya Kibra?" akaniuliza.

Mchana tulikaa jikoni, viazi vitamu vikichemka, tukaongea kama watu waliosoma pamoja. Alinieleza kwamba sindano haiui, ila haina subira. Ukishaidunga, inatafuta chakula mwilini, na isipokipata inakula sukari ya damu yote hadi mtu anaanguka. Yeye mwenyewe alianguka mara ya kwanza kanisani, siku waumini walipofunga kuomba mvua, na wenzake wakadhani ameshukiwa na Roho. Walimwimbia. Aliokolewa na mtoto aliyekuwa na kipande cha muwa.

Nikamwuliza kama paja halichoki. Akapandisha nguo bila haya, akanionyesha mapaja yote mawili, na tumbo pia, jinsi anavyohama kila siku asirudie mahali pamoja. Nikamwuliza juu ya chupa, maana yangu niliiweka dirishani kwenye jua. Akanipeleka kwenye kibuyu kilichozikwa nusu katika mchanga wenye maji, chini ya kitanda, chupa ikiwa ndani, baridi kama ya kisimani. Juu ya uwatu na karela alisema ameshakunywa vyote, na mizizi ya kwao zaidi ya hiyo, na anayetaka anywe, lakini daktari aambiwe na sindano isiachwe. Kisha akavua kiatu. Kidole cha pili cha mguu wa kulia hakikuwapo.

"Hiki kilienda mwaka ule nilikataa sindano," akasema. "Hivi vingine tisa ni vya sindano."

Nilikuwa na swali moja lililobaki, na nilijua jibu lake kabla ya kuliuliza. Nilimsimulia Fatna: asubuhi ile, jasho, maneno yasiyoeleweka, mkeka. Mama Kamau aliacha kuchochea moto. Akauliza ilikuwa mwezi gani. Nikasema Ramadhani, tumefunga. Akanishika mkono, na nilimpenda kwa hilo. Kisha akasema polepole, "Basi dadako alikuwa na njaa, mama. Njaa ya sindano tu."

Nililia hapo jikoni, mbele ya mwenyeji wangu wa saa chache. Sote tulijua kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani. Lakini kwetu Kibra, ambako moshi wa jiko la mtu unaonekana na ua wote, nani angekula? Fatna aliona aibu. Hospitali hakusema kwamba amefunga, na hakuna aliyemwuliza. Na sisi tuliokaa kumzunguka, kopo la sukari ya futari likiwa rafuni, tulimpepea na kumsomea.

Saa tisa Mama Kamau alinisindikiza hadi Riruta. Kwenye pembe ya kanga yangu alifunga sukari, akakaza fundo kwa meno, akaniambia nisitoke tena nyumbani bila fundo hilo, hata kama ni kwenda msalani. Akanitania kwamba adabu ya Wanubi itawamaliza. Nikamjibu kwamba tumemalizwa mara nyingi na bado tupo. Tulishikana mikono kwa muda mrefu, watu wakipita.

Jua lilipokuwa linaelekea kushuka nilifika Lindi, ndala za jeshi zikiwa nyekundu kwa udongo. Marjan alikuwa mlangoni, wima kama askari wa zamu. Nikamwambia yule mwanamke yu hai, tena mkali. Kisha nikamweleza habari ya Fatna, na mzee yule asiyejua kubembeleza akakaa kizingitini akafunika uso. Tulikwenda pamoja kwa shemeji yangu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza tu kama sukari ya siku ile ingetosha. Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia huenda, Mungu ndiye ajuaye. Akalia, na baada ya kulia akasema niwaambie wengine.

Ndivyo ilivyoanza baraza yangu ya Alhamisi. Wanakuja wa Makina, wa Toi, na yule mama wa Pumwani na uwatu wake; mara moja moja Mama Kamau hufika na kabichi. Chupa zetu zinakaa kwenye vibuyu vya mchanga. Tunaonyeshana mapaja, tunabishana, na lile tusilolijua tunampelekea dresa. Sheikh naye amesimama msikitini akawaambia watu kwamba mgonjwa wa sukari anayekula mchana asitazamwe vibaya. Kidonda changu kimefunga. Ngozi yake ni nyororo na ya waridi, na Marjan huitazama kuliko anavyonitazama usoni.

Safari yenyewe ni fupi, mwenye miguu mizima huenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Lakini imenifundisha kuivunja adabu ya mama yangu, Mungu amrehemu. Kwangu siku hizi mgeni huja ameshiba, na chungu changu hakijalalamika. Mtu akibisha hodi asubuhi, mwenye kibuyu au asiye nacho, simwulizi habari za nyumbani kwanza. Namwuliza neno moja, lile ambalo Fatna hakuulizwa na mtu: umekula?