Anwani ya Silke

Silke Dombrowski alikuja kuomba kazi kwenye kibanda changu hapa mjini Herne mwezi Novemba, mvua ikimchuruzika kwenye nywele, na kitu cha kwanza alichoniuliza hakikuwa mshahara. Aliuliza kama kuna mlango wa nyuma.

"Upo," nikamwambia. "Unatokea uani, kwenye mapipa ya taka. Kwani unataka kuniibia bia?"

"Nikitaka kuiba nitapita mbele kama watu wote wa Herne."

Nikampa kazi papo hapo. Mimi siwapendi watu wanaonyenyekea. Kibanda chetu kinauza bia, magazeti, sigara, mikate ya nyama na vitunguu, na peremende za kuchanganya ambazo watoto huchagua moja moja mpaka unatamani kulia. Lakini hasa kinauza maneno, na asiyejua kurudisha neno hamalizi wiki.

Silke alijua. Alitoka kaskazini, karibu na bahari, na alikuwa akitafuna peremende nyeusi zenye chumvi ambazo hapa kwetu hata mbwa hagusi. Wateja walimcheka kwa hilo, naye akawacheka kwa timu yao ya mpira. Wazee waliokuwa wakinunua bia moja na kuondoka walianza kununua mbili, wakae kidogo.

Ilinichukua muda kuona mambo mengine. Hakuwahi kugeuzia dirisha mgongo. Sherehe ya mtaa ikifika, na simu zikianza kutolewa kupiga picha, yeye alikumbuka ghafla kwamba kuna makreti ya kupanga stoo. Na kengele yake ilikuwa na jina la mtu mwingine. Alipanga chumba juu ya kibanda, kwenye jengo hilihili, na kwetu vyumba havina namba. Mlango wa mbele una kengele na majina, na usipoonekana hapo, hata tarishi hakujui. Yake iliandikwa Brinkmann, mpangaji aliyehama zamani. Majirani aliwaambia mwenye nyumba ni mvivu wa kubadilisha. Waliamini, kwa sababu mwenye nyumba ni mvivu kweli.

Mimi aliniambia ukweli mwishoni mwa mwaka wa kwanza, tukiwa tunahesabu chupa tupu. Alikuwa na mume, Holger. Hakuwa mlevi, watu hupenda kusikia kwamba alikuwa mlevi. Alikuwa mtaratibu, msafi, mwenye salamu nzuri. Alimvunja mkono, kisha akamwendesha hospitali mwenyewe, akaongea vizuri na wauguzi mpaka wakamwambia Silke ana bahati. Siku alipotoroka, alitoka na soksi tu miguuni, kwa sababu viatu vilikuwa mlangoni na mlangoni alikuwepo Holger.

"Akinipata ataniua, Uschi," alisema. "Sitii chumvi. Aliniahidi, na yeye hutimiza ahadi."

"Na atakupataje?"

"Hawezi. Nina kufuli."

Kufuli hilo alikuwa ameliomba ofisi ya usajili wa wakazi. Huku kwetu ukihama lazima ukajiandikishe, utake usitake, na mtu yeyote mwenye jina lako akilipa ada ndogo anaambiwa unapokaa. Ila ukiwa hatarini, ofisi hufunga. Anayeuliza hujibiwa kwamba hakuna taarifa, na karani hawezi kufungua kabla ya kukuuliza wewe kwanza. Hicho tu ndicho kilichomfanya Silke alale usingizi: kwamba kati yake na Holger ameketi karani mmoja mwenye kikombe cha kahawa, na sheria inayomkataza kufungua mdomo.

Kisha wakubwa wakaamua kulegeza sheria ya kulinda taarifa za watu. Redioni waliita kupunguza urasimu. Makampuni yalilalamika kwamba yanacheleweshwa, ofisi zikalalamika kwamba hazina makarani wa kutosha, basi ikapitishwa kwamba maombi ya anwani yatajibiwa na mashine, moja kwa moja, na anayetafutwa hana haja ya kujulishwa.

"Safi kabisa," alisema Bwana Kowalla, mchimba makaa mstaafu ambaye kiti chake kibandani hakikaliwi na mtu mwingine. "Mimi sina cha kuficha."

"Eti?" Silke akanyoosha mkono. "Hebu nipe simu yako nisome ujumbe kidogo. Kwa sauti, wenzako wasikie."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Kowalla akaishika simu yake kifuani.

"Ujumbe ni jambo langu na mke wangu."

"Na kama si mke wako?"

"Wewe mwanamke ni shetani," Kowalla akasema, akicheka na yeye. Silke hakucheka. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia kaunta, akikikamua ingawa hakikuwa na maji.

Siku ya pili nilifunga kibanda tukaenda naye ofisini. Karani alikuwa kijana mpole, Bwana Terhorst. Alimtazama Silke kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonikasirisha zaidi, kwa sababu mtu mwenye huruma huwezi hata kumtukana vizuri.

"Kufuli la zamani limekwisha na sheria ya zamani, Bi Dombrowski. Kuliweka upya mfumo unataka uthibitisho wa hatari ya karibuni. Ripoti ya polisi ya mwaka huu, au ya hospitali."

"Sina. Mwaka huu hajanigusa."

"Basi hilo ni jambo jema."

"Hajanigusa kwa sababu hajui nilipo!" Silke alisema. "Hajui nilipo kwa sababu ya kufuli. Sasa unaliondoa kufuli kwa sababu hajanigusa?"

Terhorst akaangalia kioo cha kompyuta, kama vile jibu lingejitokeza. "Mimi nakuelewa. Lakini hapa hakuna tena sehemu ya mimi kuandika kwamba nakuelewa. Kuna ndiyo na hapana."

"Kwa hiyo nisubiri anipige, halafu nilete karatasi."

"Unaweza kukata rufaa."

"Na wakati rufaa inasubiri?"

Nikamwuliza Terhorst kama ana dada. Akasema anaye. Nikamwambia amsalimie, tukatoka.

Rufaa aliikata, lakini kuanzia siku hiyo Silke alikuwa roho juu. Mlango wa kibanda una kengele ndogo, na kila ilipolia mabega yake yalipanda. Alikosea chenji. Alimpa mtoto sigara badala ya peremende, mtoto akamrudishia kwa adabu. Nilimwambia aende kwa binamu yangu mjini Bochum, akakataa.

"Huko pia nitajiandikisha. Nikijiandikisha, ataniona huko. Bora hapa, ambapo nawajua nyinyi. Na kengele inasema Brinkmann."

Sasa hapa lazima nimlete Bi Piontek. Bi Hannelore Piontek anakaa ghorofa ya kwanza na jengo letu liko mikononi mwake, ingawa hakuna aliyempa. Zamu yako ya kuosha ngazi ikiisha, yeye hupitisha kidole kwenye reli. Na mizigo yote ya jengo huipokea yeye. Hiyo ni desturi yetu. Jirani hayupo, mpeleka mizigo anagonga mlango wa pembeni, unapokea, unatia sahihi, jioni jirani anakuja na shukrani na pengine kipande cha keki. Kumkatalia jirani mzigo ni aibu. Bi Piontek hajawahi kumkatalia mtu.

Jumanne moja mchana akaingia kibandani na boksi, uso umejaa fahari.

"Silke, binti yangu, una bahati mimi nipo! Mpeleka mizigo alitaka kuurudisha. Anasoma kengele juu mpaka chini, anasema hapa hakuna Dombrowski. Nikamwambia, yupo, namjua mimi, tatizo ni mwenye nyumba. Leta nitie sahihi."

Silke hakuwa ameagiza kitu. Alikata utepe kwa kisu cha mikate, polepole. Ndani hakukuwa na barua wala jina la aliyetuma. Kulikuwa na sapatu za kike za ndani, za sufu ya kijivu, zimefuliwa na kupigwa brashi, moja kando ya nyingine.

Nilijua kabla hajasema kwamba ni zake, alizoziacha mlangoni siku aliyotoka na soksi. Alizirudisha ndani ya boksi, akafunga mifuniko yake vizuri, akaingia stoo na kuketi sakafuni nyuma ya makreti.

"Kwani hazimtoshi?" Bi Piontek akauliza.

Ikabidi nimweleze, kwa sauti ya chini, yote kwa mkupuo. Holger. Mkono. Kengele. Kwamba mashine ilimpa mtaa na nyumba, lakini jina hakuliona mlangoni, hakuwa na hakika. Basi akatuma mzigo. Na kampuni ya mizigo humjulisha aliyetuma, papo hapo kwenye simu, nani amepokea.

Bi Piontek akakalia kiti cha Kowalla.

"Nimeandika jina langu," alisema. "Nimeandika kwa herufi za kusomeka."

Nilikuwa nimemshika Bi Piontek bega mlango ulipolia. Akaingia mwanamume mwenye koti safi la mvua. Alijifuta viatu kwenye zulia la mlangoni, jambo ambalo hakuna mteja wangu aliyewahi kulifanya.

"Habari za mchana, kina mama. Naomba kahawa, kama haisumbui."

Nikamimina. Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo na sikuthubutu kuutazama.

"Namtafuta mke wangu, Silke," akasema. "Kuna mambo ya kifamilia. Nasikia Bi Piontek wa jengo hili anamfahamu."

Bi Piontek hajawahi kudanganya mtu katika maisha yake. Hata mwaka aliposahau zamu ya ngazi alibandika tangazo kujishtaki. Alinyanyua kidevu.

"Piontek ni mimi. Mzigo niliupokea kwa sababu yule kijana alinikera kwa kugonga. Huyo Silke alihama zamani. Nilikuwa nakuja kumwuliza Uschi niutupe wapi."

Holger alitabasamu. Akatoa simu, akaiweka kaunta na kuigeuza ituelekee. Anwani yetu ilikuwa pale, na muhuri wa mji juu yake.

"Ofisi inasema anakaa hapa. Mnataka nisiiamini ofisi?"

"Ofisi inakosea," nikasema.

"Ofisi haikosei, mama. Mimi nimefuata sheria. Nimelipa ada." Alikunywa kahawa yote, ingawa ilikuwa ya moto sana, akaweka kikombe katikati ya kisahani. "Nitamsubiri garini. Sina haraka."

Gari lake lilisimama upande wa pili wa barabara, likiuangalia mlango wa jengo na wa kibanda. Nilipiga simu polisi.

"Amemtishia mtu?" sauti ikaniuliza.

"Bado. Amekaa tu."

"Anwani ameipataje?"

"Kwenu. Serikalini."

"Basi ameipata kihalali. Akifanya kitu, tupigie."

Nilikata simu nikalia kwa hasira, mimi ambaye sikulia hata siku ya kumzika mume wangu. Nilipoingia stoo, Silke alikuwa tayari amesimama. Hakuwa na machozi. Alikuwa amevaa koti langu la kazi na kujifunga kichwani kitambaa cha Bi Piontek, na Bi Piontek alikuwa akimsukumia mfukoni mikate miwili iliyofungwa karatasi.

"Usiniambie unakwenda wapi," nikamwambia.

"Sikuwa na nia."

"Chukua basi peremende zako hizo za ovyo."

Alichukua. Alinikumbatia kwa nguvu hadi mbavu zikauma, akapita kwenye mlango wa nyuma, kwenye mapipa, akaruka ukuta wa jirani huku Bi Piontek, mwenye umri wa miaka sabini na nane, amemshikia kreti la bia apate pa kukanyaga. Holger alikaa garini hadi giza likaingia. Alirudi kesho yake, na wiki nzima, kisha akaacha kuja. Sijui aliacha kwa nini, na hilo linanitisha kuliko alipokuwa akija.

Silke sijui aliko. Ninachojua ni kwamba popote alipo hajajiandikisha, kwa sababu akijiandikisha Holger atalipa ada yake ndogo tena. Bila usajili hapati mkataba wa nyumba, hapati kazi ya halali, na daktari atamtaka kadi ya bima. Uchaguzi wa mji ulifika tukapiga kura wote, Kowalla, Bi Piontek na mimi. Holger naye, nadhani, huko kwao. Silke hakupiga popote.

Mwezi uliopita ofisi ilituma barua kwenye anwani yake ya hapa. Bi Piontek alipokea, tukafungua pamoja. Haikuhusu rufaa. Silke Dombrowski alikuwa amehama bila kutoa taarifa ya makazi mapya, ambayo ni kuvunja sheria. Katika mambo haya yote, yeye peke yake ndiye aliyetozwa faini.