Sauti ya Baba Ndani ya Sanduku

Najua kuifanya amplifaya ya valvu iungurume ndani ya chumba cha kupanga bila jirani kugonga ukuta. Najisifu, ndiyo. Imenichukua miezi minane, na ukuta wenyewe haufiki hata kwenye mabati.

Amplifaya hiyo ilikuwa ya baba yangu. Alipiga nayo gitaa la solo katika bendi za benga, kuanzia kwetu Sindo hadi Mfangano na kumbi za Homa Bay. Ndani yake kuna valvu nne za kioo, ambazo huwaka rangi ya chungwa na kuchukua karibu dakika nzima kupata joto. Aliponifundisha gitaa, Baba hakunisifu hata siku moja. Kabla sijamaliza wimbo alikuwa ameshapata kosa: uzi umelegea, mkono unakimbia, kidole cha tatu kimechelewa. Hasa kidole cha tatu. Nilikichukia kidole hicho utoto wangu wote.

Kisha masikio yake yakaanza kufunga, pole pole. Kifaa cha kusikilizia alikikataa. Alisema kinampigia filimbi kichwani. Nikimpigia gitaa, aliangalia vidole vyangu mpaka vitulie, halafu akasema, "Ber." Yaani vizuri, kwa Kijaluo chetu. Likizo moja nilimharibia wimbo makusudi, nikagonga nyuzi zisizohusika kabisa, naye akatikisa kichwa kuridhika na kusema, "Ber, nyara. Ber sana." Nyara, yaani binti yangu. Niliumia kuliko kama angenitukana. Mzee yule mkali alikuwa ananifanyia adabu, mimi binti yake, kama mgeni aliyekuja kusalimu.

Siku hiyo hiyo akanipa amplifaya, akisema kwake haina kazi tena. Nikaileta Migori ninakofundisha shule ya msingi. Njiani valvu moja ilipasuka, na kupata nyingine kulinitoa jasho, basi nikaapa kwamba mashine hiyo haitasafiri tena. Nilikuwa na nia moja tu: niipate sauti yake ya zamani, ileile, ili siku Baba akija kwangu aisikie kabla masikio hayajafunga kabisa. Nilitaka anisikie mimi.

Sasa, valvu hazina utamu mpaka zitumikishwe. Ukizipunguza, gitaa linatoka jembamba kama mbu ndani ya kopo. Ukizifungulia, kila noti inakwaruza kidogo, inanona, halafu inaimba, na ploti nzima inatingika. Ploti yetu ina vyumba vinane. Kulia kwangu analala nesi wa zamu ya usiku, na usiku wake ni mchana wetu. Kushoto anakaa mwenye ploti mwenyewe, mama mmoja asiyezunguka maneno. Siku ya kwanza tu alisimama mlangoni kwangu na sufuria mkononi.

"Mwalimu, hii imeanguka kwa rafu sababu ya hiyo kitu yako. Nikiskia tena, utafute nyumba ingine."

Nikahamisha spika kutoka kwenye amplifaya kwa waya mrefu, nikaizika chini ya godoro. Haikusaidia. Nikaitia kwenye sanduku langu la bati la tangu bodingi. Bati likalia kuliko spika. Kuichomoa spika kabisa sikuthubutu, maana Baba alinifundisha mapema kwamba amplifaya ya valvu ikiwashwa bila spika hujiunguza yenyewe. Nikaona dawa ni mbao nzito. Fundi wa mbao aliye karibu kazi yake kubwa ni majeneza, lakini mbao ni mbao. Nikampa vipimo vya sanduku. Aliviangalia, akavua kofia.

"Pole sana, Mwalimu. Mtoto alikuwa na miaka ngapi?"

"Ni ya spika," nikamwambia.

Hakuniamini. Nadhani aliona huzuni imenichanganya. Alitengeneza kazi safi, akapiga vanishi, na bila kuulizwa akatandika ndani kitambaa cheupe chenye marinda. Alipolileta kwa mkokoteni nilikuwa shuleni. Niliporudi, viti vilikuwa vimepangwa uani, nesi ameamka na macho mekundu, na mwenye ploti yuko kwenye jiko na sufuria kubwa ya chai. Wakanishika mikono mmoja mmoja. "Mos," walisema, wakinipa pole. "Mos ahinya. Mbona hukutuambia?"

Nikaingia ndani, nikatoka na spika, nikaiweka kwenye sanduku mbele yao. Ikaingia vizuri, nafasi ikabaki. Walitazama ile spika, wakanitazama mimi. Mwenye ploti ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo. Chai tuliinywa yote, kwa nini imwagwe? Lakini alipomaliza kufuta machozi alinigeukia.

"Ile maneno nilikuambia bado iko, lakini."

Nikalijaza sanduku pamba na mablanketi, nikapenyeza maiki ndogo karibu na spika, nikafunga kifuniko. Nikavaa spika ndogo za masikioni zilizoungwa na maiki hiyo na kuzifungulia valvu. Uani kulisikika kama mtu anayeongea amejifunika shuka. Masikioni mwangu alikuwapo Baba, Baba wa kumbi za Homa Bay, na ule mkwaruzo wake mwanzoni mwa kila noti. Nesi hata hakugeuka kitandani. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Baba alikuja Jumamosi moja kwa ajili ya kliniki ya macho. Baada ya chakula nikamkalisha kitandani, nikawasha, nikampigia. Aliangalia vidole vyangu mpaka vikatulia.

"Ber," akasema.

Nikamvalisha zile za masikioni, nikapiga tena. Akasikiliza kidogo, akazivua, akanirudishia.

"Hii ni simu," akasema. "Ampu yangu iko wapi?"

Nilipandwa na hasira, na si kwa Baba. Miezi minane nimejifunza kuificha sauti, nami nimefaulu vizuri hivi kwamba mtu pekee niliyemtafutia haisikii! Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kifuniko. Nilitaka nikitupe kule, nizifungulie valvu mpaka mwisho, nesi aamke, chumba kiende.

Baba alinitangulia. Aliweka kiganja juu ya mbao, akakiacha hapo, akasikia inavyotetema kwa mngurumo wa spika.

"Iko humu?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akafungua kifuniko mwenyewe, akaondoa blanketi la juu, akapiga magoti akishikilia ukingo wa kitanda, na kuingiza kichwa ndani ya yale marinda meupe mpaka mabegani.

"Piga!" sauti yake ikatoka humo ndani.

Nilipunguza kidogo, nikamfunika mabega kwa mablanketi yote niliyokuwa nayo, nikayabana pande zote kama ninayefunika sufuria ya wali. Kumwona baba yangu na kichwa ndani ya kazi ya fundi yule sikukupenda, nakiri. Lakini nikapiga. Nilianza na wimbo wa kwanza alionifundisha, ule wenye solo inayopanda ikijizungusha.

Kisigino chake kikaanza kugonga sakafu. Kiligonga sawasawa, kilekile nilichokijua, ubeti wa kwanza na kiitikio. Solo ilipoanza kupanda kikasimama. Nikadhani amechoka magoti.

Mablanketi yakainuka. Baba akatoka na pamba kwenye mvi zake, amekunja uso.

"Nyara."

"Baba."

"Kidole cha tatu. Bado kinachelewa."

Sijawahi kupewa sifa iliyonifurahisha kama kosa lile. Nilitaka kumwambia, lakini asingenisikia, na machozi yalikuwa yameshaanza kudondokea gitaa.

Hakuyajali. Alikuwa ameshageuka, anajivutia blanketi mabegani.

"Rudia kutoka mwanzo," akasema, akarudisha kichwa ndani ya sanduku.