Waya wa Nozeli ya Tatu

Binti yangu alitaka kulipeleka gari gereji. Mimi ndiye niliyemzuia.

"Fundi wa nini, na mimi nipo?" nilimwambia. "Nimefungua injini Morogoro miaka ishirini."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, nje ya nyumba yake hapa Ilford, ughaibuni. Gari lilikuwa linatetemeka na kukosa nguvu. Kesho yake saa moja asubuhi alitakiwa kwa bibi mmoja asiyeweza kujiinua kitandani, kisha kwa wagonjwa wengine wanne, mitaa ambayo kwa basi usingeimaliza. Alikuwa bado kwenye majaribio ya hiyo kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, na alishachelewa mara mbili.

Nilianza vizuri. Injini ikiwa inanguruma, nilichomoa moja moja plagi za umeme za nozeli, zile zinazomwaga petroli ndani ya injini. Ya kwanza, mlio ukabadilika. Ya pili vilevile. Ya tatu, mlio haukubadilika. Hiyo haikuwa inamwaga petroli. Nikaweka balbu ya kupimia moto wa umeme kwenye plagi yake. Haikuwaka.

Hapo ilinipasa kuufuata waya kwa vidole, taratibu. Lakini kwenye magari yetu ya zamani, kitu kikikosa moto tulikipa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Plagi ile ilikuwa na nyaya mbili. Nikaunganisha mmoja na betri bila kujua ni upi.

Cheche ndogo tu. Injini ikazima, haikuwaka tena.

"Baba, umefanya nini?"

"Subiri kidogo."

Akasubiri. Nikawa nakaza nati ambazo zilikuwa zimekazwa tangu mwanzo.

Alasiri akaja fundi, Mhindi mzaliwa wa Mwanza ambaye binti yangu alikuwa na namba yake siku zote. Akanipa shikamoo, akainama, akaukunja waya mmoja wa ile nozeli karibu na plagi. Ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake.

"Hapa palikuwa na kazi ya dakika kumi tu, mzee wangu." Kisha akanusa kisanduku cha kompyuta inayoendesha injini. "Waya huu mwingine unatoka kwenye kompyuta. Nani kaupa moto wa betri?"

"Mimi."

"Basi umekaanga kompyuta, mzee. Ungetia na mayai tukala." Aliona sicheki, akashusha sauti. "Nyingine itafika Alhamisi, tukibahatika."

Binti yangu akapiga simu kazini. Alizungumza Kiingereza, kwa upole mwingi, na kila baada ya muda alisema anaelewa. Alipokata simu aliniambia wagonjwa wake wamepewa mtu mwingine, na yeye asirudi.

Jumatatu saa moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi, amevaa sare ya kazi. Alisema aliamka akavaa kwa mazoea.

"Mwanangu, kosa ni langu."

"Najua, Baba."

Nilisimama pale. Ngazi ilikuwa nyembamba, na sikuweza kupita bila kumwomba asogee.