Nilivyolima ua la mgagani Uluguru enzi za ruksa, nikamfukuza mama mkwe shambani

Wakuu, salaam kwenu wote.

Shule niliishia darasa la nne na hapa naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo wale askari wa herufi wapite pembeni. Ninayoleta nimeyafanya mwenyewe kwa mikono hii, na mengi ni ya aibu. Mtu akitunga uongo hujipendelea, mimi humu sitajipendelea. Mtaona.

Naanzia mbali kidogo, nivumilieni.

Mwaka mmoja wa foleni nilikwenda Gairo kutafuta sabuni. Nimedandia lori la karanga kutoka Morogoro mpaka Gairo, safari yote hiyo kwa ajili ya sabuni! Vijana hamuwezi kuelewa. Maduka yalikuwa na chumvi na rafu tupu.

Nyuma ya soko nikakutana na mzee kavaa kanzu safi, sauti ya upole, ananiita "mwanangu". Nikampa shati langu la kutokea, akanipa mche wa sabuni umefungwa karatasi. Akanisihi nisiufungue njiani, watu watanipora. Nikatii.

Kufika nyumbani nafungua, tofali. Tofali la kuchoma, limechongwa likanyooka, kingo zote sawasawa. Hasira ziliisha, nikabaki namsifu fundi.

Basi, ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Maduka yakajaa sabuni mpaka tukaanza kuchagua harufu. Mitumba ikaingia. Na watu wakaanza kupanda milima ya Uluguru kutafuta vitu ambavyo sisi hatukujua kama vinanunulika. Mmoja alitaka vinyonga. Vinyonga wakuu! Wanawake wanatimua mbio, yeye anawapanga kwenye kikapu kama mayai. Mwingine akataka vyura. Tukawa tunaulizana lini atakuja wa kununua kikohozi.

Wa kikohozi hakuja. Akaja wa mgagani.

Na hapa ndipo ulipo uzi wangu. Juzi nimeona humu kijana kaweka mapicha anafundisha "kilimo cha kisasa cha mgagani": kitalu, kuhamisha miche, kamba, rula. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Mdogo wangu, hayo niliyafanya wewe hujazaliwa.

Kwa asiyeujua mgagani: jani lake lina vidole vitano kama kiganja, ni chungu, unachemsha, unamwaga maji ya kwanza, unaunga kwa karanga. Ua lake ni jeupe, lina masharubu marefu kama ya kambale. Unaota wenyewe mvua zikianza, hasa pale mbuzi walipolala au takataka zilipochomwa. Unachanua, unatoa vitumba virefu vyembamba vya mbegu, unakufa. Msimu mmoja, kwisha.

Na kule mlimani mboga iliyojiotea haina mwenyewe. Hata iote katikati ya mahindi yako, mwanamke yeyote anapita, anachuma, anakusalimia, anaenda zake. Haombi. Lishikeni hilo.

Huyo mnunuzi tumwite Mtaalamu, maana ndivyo alivyojiita. Alikuwa na koti zito la baridi, mchana wa jua, jasho linamtiririka mpaka kwenye makaratasi yake. Akatukusanya akasema Ulaya watu wanapanda mgagani mbele ya nyumba zao ili wautazame.

"Wautazame tu?" mama mmoja akauliza.

"Ndiyo mama, ni ua la asili. Wanapenda."

"Maskini. Na mboga wanakula nini?"

Watu wakavunjika mbavu. Mtaalamu akakunja uso, akasema anataka mbegu, nyingi, na atakayelima atarudi kuchukua kwake kila mwaka. Nikajiandikisha wa kwanza. Mjinga huwa hachelewi foleni.

Sasa mjue nilikuwa naishi vipi. Kwetu ni Kisaki. Nilikuwa nimeoa Uluguru, mteremko wa kuelekea Matombo, na Waluguru ardhi yao ni ya ukoo wa mama. Wewe mwanaume umekuja kwa mkeo, unalima kwa hisani. Mwenye sauti alikuwa mjomba wa mke wangu, Mzee Kibwana. Alinipa ngazi moja ya shamba la maharage, yaani kipande kimoja kilichosawazishwa mteremkoni, nayo si yangu, ya kuazima. Nikimwambia mtu "shamba langu" naona anatabasamu.

Nilipomwambia Mzee Kibwana nataka kung'oa maharage nipande mgagani, alinitazama kama nimemwambia napanda funza.

"Mkwe, nakupa msimu mmoja," akasema. "Ukifanikiwa, ngazi hiyo lima mpaka uzeeke, hakuna atakayekuuliza. Ukiniharibia, utalima kiganja chako."

Kwa hiyo kwangu halikuwa suala la ua. Lilikuwa suala la mimi kuwa mtu pale au kuwa mgeni milele.

Mtaalamu akatugawia mbegu mbichi, zimetoka kuvunwa juzi juzi, tusie kitaluni. Mke wangu, Mama Zuhura, akazichukua kiganjani, akazinusa.

"Baba Zuhura, hizi bado zimelala. Mbegu ya mgagani inakaa kibuyuni mpaka msimu mwingine ndiyo inaota."

"Wewe umesomea wapi?"

"Jikoni. Na wewe?"

Nilikuwa na karatasi ya Mtaalamu yenye mhuri, mtu mwenye mhuri anamjibu nani?

Nikasia. Nikamwagilia asubuhi na jioni wiki tatu. Zikatoka mbegu tisa kati ya bakuli zima, nyembamba kama nywele za mgonjwa. Nikazihamishia shambani kwa kamba na rula kama tulivyoelekezwa. Saa sita mchana zote zimelala chali. Mgagani una mzizi mmoja unaoshuka kama msumari, ukishaung'oa umeuua. Mtaalamu akasema sikumwagilia vya kutosha. Udongo ulikuwa tope mbu wanataga!

Mama Zuhura akashusha kibuyu kilichokuwa kinaning'inia juu ya mafiga, mbegu za mwaka uliopita. Akatubebesha samadi ya zizi la mbuzi ngazi nzima. Akachanganya mbegu na majivu na mchanga ili zisidondoke rundo, akazimwaga kama anarushia kuku, akapitisha tawi juu kuzifunika kidogo tu. Siku ya sita, ardhi imeota manyoya.

Tukapunguza zilizobanana, tukala. Vikaja vile vidudu vyeusi vinavyoruka vinatoboa majani, akavirushia majivu alfajiri umande haujakauka. Kitalu wala rula hakuvigusa. Hayo ndiyo matunzo yote, wewe kijana wa mapicha, nakili ukitaka.

Ukachanua. Wakuu, nasema kweli, sikuwahi kuutazama mgagani kabla ya hapo. Ngazi nzima nyeupe, nyuki wanaunguruma, ukisimama njiani unaona kama mtu kaanika mashuka. Mtaalamu akapanda na wageni wawili wenye kamera. Akanyoosha mkono: "Mnaona matokeo ya utaalamu?"

Nami sikumsahihisha. Kijijini na mimi nilikuwa nasema ni utaalamu wangu. Mama Zuhura alikuwa anatusikia wote wawili, anasonga ugali.

Tatizo likaanza. Wanawake wakawa wanapita wanachuma, kama walivyozoea tangu kuzaliwa; kwao mgagani ni mgagani, upandwe ujiotee. Na mgagani wanachuma ncha, pamoja na ua, ili uchipue pembeni wapate majani zaidi. Kwa mboga ni sahihi kabisa. Kwa mbegu ni msiba, maana ua likiondoka kitumba kitoke wapi?

Nikazungushia miiba. Nikatafuta fimbo. Mtu mzima na ndevu zangu nikawa nakaa nalinda magugu. Watu wakawa wananipitia: "Hodi bwana askari, maua yameamkaje?"

Asubuhi moja nikakuta mwanamke kainama katikati ya ngazi, kanga yake imejaa ncha na maua. Nikaruka miiba napiga kelele: "Mwizi wewe! Toka!" Nikamkwapulia kanga ile, nikaikung'uta, majani yote chini.

Akainuka. Mama mkwe wangu.

Mama yake Mama Zuhura. Mtu ambaye kwa desturi nikikutana naye njiani napisha, nashusha macho, naamkia. Akanitazama, akaokota kanga yake, akasema taratibu, "Marahaba, baba."

Sikuwa nimemwamkia.

Tangu siku hiyo mke wangu aliniwekea chakula bila neno. Na mimi, badala ya kwenda kuomba radhi asubuhi ile ile, nikaendelea kulinda. Nikasema nikivuna, nikishapewa ngazi, kila kitu kitanyooka.

Mtaalamu alikuwa ameagiza vitumba viachwe vikauke kabisa mtini, kama mahindi. Vikawa njano, nikasubiri. Vikawa kahawia, nikasubiri. Mchana mmoja wa jua kali nimekaa na fimbo yangu nasikia ta, ta, ta-ta-ta, kama mtu anakaanga bisi. Vinapasuka. Nilikimbia huku na huku natandaza shuka, nazuia kwa mikono! Kwenye saa tisa nilikuwa na shamba la maganda. Nikakwangua udongo nikapepeta kwenye ungo, nikapata sisimizi.

"Vinachumwa vikianza tu kuwa njano, vinakaushiwa kwenye kitambaa," Mama Zuhura akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwa majuma matatu.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa na mhuri."

Mtaalamu akaja na mizani na gunia. Akatazama maganda, akaandika kitu, akasema, "Hamfuati maelekezo nyinyi." Akashuka na koti lake kutafuta mlima mwingine wa kuuelekeza.

Funzo naliweka hapa hapa kabla ya mwisho, maana najijua, nikifika mwisho sitakuwa na hamu ya kuandika. Anayekuja kukufundisha kulima kitu ambacho mkeo anakilima akiwa amefumba macho, mwache aongee kwanza na mkeo, wewe kaa pembeni ushike jembe. Na kitu ambacho wote wanachuma bure, usikitie miiba, utajichoma wewe. Waliowahi kuingizwa kwenye miradi ya namna hii leteni visa vyenu hapa chini, na wa kunitukana mnitukane, nafasi ipo. Ila msiniulize bei ya mbegu.

Haya, namalizia.

Mzee Kibwana akaita kikao cha ukoo uani kwake, baada ya swala ya adhuhuri. Nikajua nakwenda kunyang'anywa ngazi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote kuhusu maharage.

Hakugusa maharage. "Maharage tutapanda mengine," akasema. "Mimi nauliza mboga. Mkwe, mlima huu nani amewahi kumnyima mtu mgagani?"

Wazee wote wakanigeukia mimi.

Mama mkwe akatoka jikoni na sahani. Ugali, na mgagani wa karanga. Akaiweka kwenye mkeka mbele yangu mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Kula, baba. Ukila yameisha."

"Ukila, ngazi lima," akasema Mzee Kibwana. "Neno langu liko pale pale."

Yaani tonge moja, wakuu. Tonge moja na shikamoo moja, na ngazi ni yangu mpaka kuzeeka. Hakuna aliyenitukana. Ila nyuma ya ukuta wa jikoni mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, akasema, "Mwangalieni asije akautazama tu kama Mzungu!" Ua mzima ukaangua kicheko. Mzee Kibwana akacheka. Mama mkwe akacheka, vizuri tu, bila ubaya. Hata Mama Zuhura, ambaye sikuwa nimemwona akicheka msimu mzima.

Nikaitazama sahani. Mvuke unapanda. Matusi ningeyameza, kicheko kile kilinishinda.

Nikasimama. Nikavaa ndala zangu. Mama Zuhura akaniita, "Baba Zuhura," mara moja tu, akiwa bado na kicheko mdomoni. Nikashika njia ya kuteremka, nikarudi kwetu Kisaki, na mlima ule sijapanda tena.