Kutajwa kwa Ubaya

Mtafiti wa mafuta ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hufungua simu kabla ya kunawa uso, aone kama kuna mwanasayansi mwenzake aliyetaja makala yake. Ili apandishwe cheo, kumebaki kutajwa mara moja tu. Leo ametajwa, naye anampelekea habari Languida, muuza samaki, vidole vyake vikinuka spiriti ya maabara kama kawaida.

“Wamenitaja.”

“Kwa uzuri ama kwa ubaya?”

“Wanasema vipimo vyangu vilikosea.”

“Na inahesabika?”

“Inahesabika.”

“Bon, dogiteri, hata mwizi wanamutajaka. We chukua cheo yako.”

Mtafiti hacheki. Cheo ameshakipata, lakini amekuja na ndoo. Anainama kuchagua sambaza wabichi, mmoja mmoja, akapime upya, maana huenda wale wenzake wamesema kweli.