Ijumaa ya Deserve

Juzi nilirudi Bwera kwa mazishi, nikapita pale shuleni petu. Aa, ndugu yangu, darasa letu la miaka ya hamsini siku hizi ni stoo ya saruji! Nikasimama barabarani, na wivu wa utotoni ukanirudia wote, mimi kikongwe mwenye wajukuu.

Mwalimu wetu alikuwa askari zamani. Kila Jumatatu aliandika ubaoni kitenzi kimoja cha Kiingereza. Ijumaa anaamuru, "Simama! Maana! Asili! Matumizi!" Anayejibu yote anakwenda nyumbani na kamusi ya shule wiki nzima. Aliyekuwa nayo akishindwa, fimbo mbili. Kamusi ilikuwa moja tu, na asili za maneno hazikupatikana kwingine, basi mwenye nayo ndiye aliyeshinda tena na tena.

Alikuwa nayo binti wa jirani. Baba yake alibeba kahawa kwa lori kutoka Kyondo hadi Kasese. Viatu anavyo, taa ya chemni anayo, sasa na kamusi pia! Nilimwonea kijicho mpaka viazi vikapoa mbele yangu. Bibi yangu alinicheka: "Mutoto huyu, macho yake iko kwa jirani tu. Kula!"

Wiki hiyo kitenzi kilikuwa deserve. Alhamisi yule binti akaja shambani kwetu na kamusi ameifunga kwa kitambaa. Tukawa tunachuma kahawa huku akinifundisha: maana yake kustahili, kimetoka Kilatini kikapitia Kifaransa, zamani kilimaanisha kutumikia vizuri. Nikakariri, nikisema moyoni, kesho utanitambua.

Ijumaa akaanza yeye. "Nimesahau, mwalimu." Akapigwa fimbo zake mbili. Mimi nikajibu bila kukwama, nikapewa kamusi.

Nikaikumbatia hadi langoni, nikamkuta yule binti ananingoja, anacheka kana kwamba aliyeshinda ni yeye. "Sasa iko kwako," akasema. Hakuwa amesahau hata neno moja. Nilijua. Roho iliniuma, lo! Nilitaka kumshinda, kumbe amenipa tu, kama mtu anavyogawa muhogo. Nikampita bila asante.

Baadaye familia yao ilihamia Kasese, sikumwona tena. Shule imekwisha, mwalimu amekwisha, Kiingereza chenyewe nimekisahau nusu. Wivu ndio uliobaki, tena si wa viatu wala taa. Namwonea wivu kwa zile fimbo mbili, kwa sababu mimi nisingeweza kuzipokea kwa ajili yake.