Moyo wa Papa Iliasi Ulikuwa na Vyumba Vitatu

Umande bado umelala juu ya meza za nyama katika soko la Kasongo, na Dieudonnée Feza tayari amekataa kuuza mioyo miwili ya mbuzi. Mteja wake wa kwanza, mama mwenye kikapu, anabembeleza. Dieudonnée anacheka, anaitia mioyo ndani ya ndoo na kuifunika.

"Leo hapana, mama. Chukua maini. Hii mioyo iko na mutihani."

Mwenye mtihani ni yeye. Saa tatu mkaguzi atafika katika shule ya wauguzi iliyo nyuma ya soko kumtazama akifundisha. Akiridhika, muuza nyama huyu wa miaka arobaini na mmoja, aliyeishia darasa la nne, atakuwa msimamizi wa masomo ya vitendo. Asiporidhika, atarudi kwenye meza yake. Mwandishi wa habari hizi, aliyetumwa kuandika bei ya nyama, amekwishaisahau bei.

Shule hiyo haina mwili wa plastiki wa kufundishia. Ina mbuzi. Kwa miaka sita, kila Alhamisi, mwalimu Chimène Bahati amenunua mioyo miwili kwa Dieudonnée, mmoja faranga elfu tatu, akaenda nayo darasani.

Mwaka jana Mwalimu Chimène alikuja sokoni amevimba kwa hasira, karatasi za mtihani mkononi. Wanafunzi ishirini na wanane kati ya thelathini na wawili walikuwa wamechora moyo wenye vyumba vitatu: viwili vidogo juu, na kimoja kipana chini. Alitaka kuwafukuza wote. Dieudonnée alitazama michoro akacheka mpaka akashika meza.

"Nilimwambia, mwalimu, watoto hawana kosa. Hii si moyo ya kitabu. Hii ni moyo ya Papa Iliasi."

Papa Iliasi Ramazani ndiye anayechinja. Yeye ni Mwislamu, Dieudonnée ni Mkristo. Mzee huchinja, mama hukata na kuuza, na hivyo kila mtu mjini anakula bila wasiwasi. Na Papa Iliasi hajawahi kutoa moyo mzima. Anaupasua palepale, kisu kikipita katikati, ili damu imwagike yote. Kisu hicho kilikuwa kinaondoa ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini.

"Mutu atakula moyo iko na damu ndani?" mzee anauliza, bado ameudhika kidogo. "Ni mukono ya baba yangu ile, vile alinifundisha."

Wakapatana. Mioyo miwili ya Alhamisi isipasuliwe, lakini Dieudonnée aioshe kwa kumimina maji ndani ya mishipa. Hapo ndipo alipoona jambo lililomnyima usingizi kwa furaha: maji aliyoyamimina katika mshipa mkubwa unaotoka upande wa kushoto yalikataa kushuka. Yalisimama mle kama ndani ya kikombe.

"Nikajiambia, kumbe kuna mulango. Na mulango inajua njia ya kurudi ni wapi, inaifunga." Mwalimu Chimène alipoonyeshwa maji yale, akamwita darasani aonyeshe mwenyewe, na tangu hapo anamwita kila Alhamisi.

Saa tatu kamili. Mkaguzi, Bwana Jean-Pierre, amekaa nyuma na kalamu yake. Dieudonnée amevaa kitenge cha kanisani. Anashika moyo mbele ya kifua chake mwenyewe, ncha ikielekea kushoto, ili asiwepo wa kuchanganya kushoto na kulia. Damu iliyochoka, anaeleza, inaingia chumba cha juu kulia, inashuka cha chini, inakwenda mapafuni kupata hewa. Inarudi juu kushoto, inashuka, inasukumwa mwili mzima.

"Mbona upande wa kushoto ni mnene?" anauliza mkaguzi.

"Papa, wa kulia anapeleka damu kwa mapafu, hapa jirani. Wa kushoto anapeleka mupaka ku vidole vya miguu. Mumoja anaenda soko, mwenzake anaenda mbali kule Kabambare. Nani atakuwa na misuli?"

Darasa linacheka. Mkaguzi anaandika, hacheki.

Kisha maji. Dieudonnée anamimina katika mshipa mkubwa, na maji yanashuka yote, yanapotea ndani ya moyo. Anachungulia: kijilango kimoja kimechanika. Kisu cha Papa Iliasi, kwa mazoea ya miaka mingi, kilianza kupasua kabla mzee hajakumbuka.

Mwalimu Chimène anaziba mdomo kwa kiganja. Dieudonnée anauinua moyo ule mbovu juu zaidi.

"Muone vizuri. Hii ni mugonjwa. Moyo inasukuma, damu inarudi. Inasukuma tena, inarudi. Inachoka, maji yanajaa mwilini, miguu inavimba."

Anachukua moyo wa pili, anamimina. Maji yanasimama. Wanafunzi wanainuka vitini kutazama, na mkaguzi naye amesimama, kalamu ameiacha mezani.

"Mambo ya miguu umesoma wapi, mama?"

"Sikusoma, papa. Mama yangu alivimba miguu kule Kabambare. Tulimubeba na moto, ile pikipiki, siku mbili mupaka hapa. Akaniuliza anaumwa nini. Nikauliza muuguzi, akasema, ni moyo. Basi. Akakufa na ile jibu moja."

Bwana Jean-Pierre anarudi mezani na kutia sahihi. Jumatatu Dieudonnée anaanza kazi. Meza ya sokoni itakuwa ya asubuhi tu. Sasa anatafuta moyo wa ng'ombe, maana wa mbuzi ni mdogo kwa macho ya wanafunzi wa mbele, sembuse wa nyuma. Wakati wa kiangazi, njia ikipitika, anataka kulipeleka somo hilo kwenye vituo vya afya vya Kabambare, na ameshamwomba Mwalimu Chimène waende pamoja.

"Mama wa mutu akiuliza," anasema, akiosha ndoo, "nataka muuguzi amujibu ni mulango gani."